Kukata Tamaa Bila Kuacha Kutumaini: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanamume Mkristo aliyeugua figo kwa muda wa miezi 28, mke wake, watoto wao watatu na kanisa walimokulia kiroho. Kimeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombi, yaani wale ambao hupigiwa simu usiku baada ya daktari kumaliza kusema. Familia imekisoma na kuridhia kitumike kufundishia. Majina, mahali, kazi na dhehebu vimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mimi nilihusika kama mzee wa kanisa aliyepewa dhamana ya kuwatembelea wagonjwa. Kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu.

Hali ilivyokuwa kabla

Mume alikuwa amevuka umri wa miaka 50. Kwa miaka mingi alikuwa na shinikizo la damu ambalo hakulitilia maanani, nalo, pamoja na kisukari, ni miongoni mwa sababu kuu za figo kuharibika polepole bila mtu kuhisi maumivu. Alipokwenda hospitali kwa sababu ya kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kupoteza karibu uwezo wake wote. Aliambiwa kwamba njia zilizobaki ni mbili: kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Ugonjwa pekee hautoshi kueleza kilichofuata. Mtu huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi. Alikuwa amewaombea wagonjwa wengi, baadhi yao wakapona, na kutokana na hayo alikuwa amejenga fundisho ambalo aliliamini kwa moyo wote: kwamba anayeomba bila shaka hupokea alichoomba, na asiyepokea achunguze shaka yake. Sisi wazee tulilisikia fundisho hilo kwa miaka bila kulisahihisha, kwa sababu mwenye kulifundisha alikuwa mwema na matunda yake yalionekana. Hivyo majibu ya vipimo yalipotoka, yaliyatikisa yote mawili kwa pamoja, mwili wake na mafundisho yake.

Mambo yalivyofuatana

Mwezi wa kwanza kanisa lilifunga na kuomba kwa siku 21. Mgonjwa alianza matibabu ya mashine huku akisema wazi kwamba ni ya muda tu. Nyumbani alikataza ugonjwa usitajwe kwa jina lake. Watoto walifundishwa kusema kwamba baba anaendelea vizuri, na mdogo wao, aliyekuwa na miaka 14, aliwahi kukemewa kwa kumuuliza mama yake kama baba atakufa.

Mwezi wa tatu kilitokea kitu ambacho hadi leo nakiona kuwa kosa letu kubwa kuliko yote. Kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo zilizo nzima huiondoa katika damu, kilionyesha kiwango kimeshuka sana. Mgonjwa alileta karatasi ya majibu kanisani, akasimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya. Watu walilia kwa furaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali jepesi ambalo muuguzi yeyote angelijibu kwa dakika moja, nalo ni kwamba damu ilichukuliwa saa ngapi. Ilikuwa imechukuliwa muda mfupi baada ya kusafishwa kwa mashine, wakati ambapo kiwango hushuka kwa kila mgonjwa, kisha hupanda tena kwa sababu figo zenyewe hazijabadilika. Wiki iliyofuata kilipanda. Yeye alijua, mke wake alijua, mimi nilijua, na kanisa zima likaendelea kumpongeza. Ushuhuda haukurekebishwa.

Mwezi wa tano mdogo wake alijitolea kumpa figo moja. Makundi ya damu yalipatana na matumaini yakapanda, lakini vipimo vya mwisho vilionyesha kwamba mdogo mtu mwenyewe ana dalili za awali za udhaifu wa figo, hivyo kumtoa moja kungemhatarisha. Binti mkubwa, aliyekuwa na miaka 22, akasema yuko tayari. Baba alikataa asipimwe hata damu. Mke aliona kwamba anakataa jibu la Mungu; mume alisema kwamba hawezi kuishi kwa kumpunguza mtoto wake. Jambo hilo liliwagawa kwa wiki nyingi, na nitalirudia huko mbele.

Mwezi wa saba mhubiri mgeni aliyekuwa akipita katika nyumba za waumini alimwambia kwamba mashine ndiyo inayozuia muujiza, kwa kuwa huwezi kumwamini Mungu huku umeshika mpini wa mwanadamu. Mgonjwa alikosa zamu mbili mfululizo. Mke alinipigia simu usiku wa siku ya sita, akisema, “Mzee, hawezi kulala chali, anakoroma kama mtu anayezama.” Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Alifikishwa hospitali akiwa hai, akasafishwa damu usiku ule ule, na siku ya tatu akapata nguvu ya kuzungumza. Nilipoingia chumbani alisema neno moja tu: “Nimeshindwa.”

Hapo nilifanya kosa langu la pili. Nilimsomea, moja baada ya jingine, maneno ya Warumi kwamba mambo yote hufanya kazi pamoja kwa wema, kisha ya Yeremia kuhusu mawazo ya amani, kisha ya Wafilipi kuhusu kuyaweza mambo yote. Yote ni maneno ya kweli. Lakini niliyasema kwa haraka ya mtu anayetaka kutoka chumbani, naye alilitambua hilo. Alinishukuru kwa adabu na kugeukia ukutani. Kwa takribani miezi miwili baada ya siku hiyo hakuomba, hakufungua Biblia, wala hakupokea wageni wa kanisa.

Aliyepita mlango huo alikuwa mama mjane wa kanisani, mtu mzima asiye na cheo chochote. Alikwenda siku za mashine, akakaa kwenye kiti pembeni na kushona kwa zile saa zote, kisha akaondoka. Mara ya tatu au ya nne mgonjwa alimuuliza, “Mama, mbona huniombei?” Akajibiwa, “Nakuombea, mwanangu. Sikuombei kwa sauti kwa sababu umechoka kusikia.” Siku hiyo alimwomba amsomee chochote. Mama yule alimsomea Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kumwita Mungu kuwa ni Mungu wa wokovu wangu na kuishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Mgonjwa aliomba isomwe tena. Baadaye aliniambia kwamba hakujua kama mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu maneno ya namna ile na bado akahesabiwa miongoni mwa waumini.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Kuanzia hapo familia ilifanya maamuzi kadhaa, mengine kwa kushauriana nasi na mengine bila sisi.

La kwanza lilikuwa kurudi kwenye mashine bila kukosa zamu, na kuacha kuihesabu kuwa mpinzani wa imani. Kilichomsaidia ni kusoma upya habari ya safari ya Paulo baharini katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo alikuwa amekwisha kupewa ahadi kwamba hakuna mtu hata mmoja kati ya wale 276 atakayepotea. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, ni yeye aliyemwambia akida kwamba hawa wasipokaa chomboni hamwezi kuokoka, na ni yeye aliyewasihi wale chakula baada ya siku 14 za kufunga. Ahadi haikufuta kazi ya mabaharia wala haja ya mkate. Mgonjwa alisema kwa utani wake wa zamani, ambao tulikuwa tumeukosa kwa muda mrefu, kwamba basi na yeye atakaa chomboni.

La pili lilikuwa kusema ukweli ndani ya nyumba. Aliwaita watoto, akawaeleza ugonjwa kwa jina lake, akawaambia kwamba watu wengi ambao figo zao zimekufa kabisa wakiacha mashine hufariki ndani ya siku au wiki chache, na kwamba hata kwa mashine hajui atapewa muda gani. Aliandika wosia. Kuna waumini waliolichukua hilo kuwa ishara ya kushindwa. Yeye alitegemea habari ya Abrahamu katika sura ya 4 ya Warumi, ambapo yule anayesifiwa kwa imani anaelezwa kuwa aliufikiri mwili wake uliokuwa kama umekwisha kufa, akiwa na umri wa karibu miaka 100. Hakufumba macho ili aamini.

La tatu lilihusu namna ya kuomba. Walikubaliana kumwomba Mungu uponyaji kwa maneno machache na ya wazi kila Jumapili jioni, kisha kutamka yale ya vijana watatu wa kitabu cha Danieli, waliosema mbele ya tanuru kwamba Mungu aweza kuwaokoa, lakini hata asipowaokoa hawataabudu sanamu: bali kama si hivyo. Siku nyingine za juma maombi yao yalihusu mambo ya siku hiyo, yaani usingizi, pumzi, subira kwa wauguzi, na watoto. Mke aliniambia kwamba mpangilio huu ulimpumzisha kuliko mkesha wowote, kwa sababu awali kila ombi lilikuwa mtihani wa kupima kama anaamini vya kutosha.

La nne lilikuwa la kanisa. Tuliacha kumtembelea kwa makundi makubwa, tukagawana siku: mmoja kumpeleka, mwingine kumrudisha, wengine kukaa na watoto jioni ambazo mama hayupo. Ni kazi isiyo na utukufu, na baadhi ya waliokuwa mstari wa mbele katika mfungo wa siku 21 hawakuonekana tena.

Kuhusu binti, uamuzi ulibaki wa baba. Hakupimwa.

Matokeo

Hakupona. Hakupatikana mtu mwingine wa kumpa figo. Aliishi kwa mashine hadi mwezi wa 28, moyo ukadhoofika, akafariki hospitalini alfajiri, mke wake akiwapo.

Katika mwaka wake wa mwisho alizoeleka katika chumba cha mashine kuwa mtu wa kusoma zaburi moja kwa sauti ya chini kwa yeyote aliye kwenye kitanda cha jirani atakayetaka. Hakuhubiri. Mgonjwa mmoja ambaye hakuwa muumini wa dini yoyote alimwomba aisome ile ile kila wiki, na hakueleza sababu.

Miezi michache baada ya maziko mke alisimama kanisani Jumapili moja, akasema kwamba ule ushuhuda wa mwezi wa tatu haukuwa sahihi, kwamba mume wake alitamani kuurekebisha akakosa ujasiri, na kwamba anaurekebisha yeye kwa niaba yake. Kisha akasema bado anamwamini Mungu, na bado ana hasira, na hajui vitu hivyo viwili vinakaaje katika nyumba moja. Akaketi. Mchungaji, kwa busara, hakuongeza neno.

Mtoto mdogo aliacha kwenda kanisani mwaka aliofiwa na hajarudi.

Uchambuzi

Kiswahili chetu kina usemi ambao katika kisa hiki unafaa kutazamwa kwa makini. Tunasema mtu amekata tamaa, na katika mazungumzo ya kanisani usemi huo huchukuliwa kuwa kinyume cha kumtumaini Mungu. Lakini tamaa na tumaini si kitu kimoja. Tamaa hushika kitu fulani: kupona, kupata, kurudishiwa. Tumaini, kwa maana ya Kikristo, humshika mtu, naye ni Mungu mwenyewe. Paulo anaandika katika sura ya kwanza ya Wakorintho wa pili kwamba walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, na katika mstari unaofuata anaeleza kusudi la hilo kuwa wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Mtume alikata tamaa, wala hakuandika kama anayeungama dhambi. Mgonjwa wetu aliteseka kwa miezi saba kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuachilia tamaa ya kupona bila kumwachilia Mungu. Aliposema “nimeshindwa”, kilichoshindwa ni tamaa iliyokuwa imevaa nguo za imani, nasi tulimwacha aamini kwamba imani yenyewe ndiyo iliyokufa.

Kutokana na hapo ndipo ninapolipima lile fundisho lake la awali. Halikuwa baya kwa sababu lilitarajia miujiza, kwa maana Biblia imejaa miujiza, na agizo la Yakobo la kuwaita wazee wamwombee mgonjwa lingali palepale. Lilikuwa baya kwa sababu liliugeuza moyo wa mwombaji kuwa chanzo cha jibu. Kwa hesabu hiyo, ombi lisipojibiwa mtuhumiwa ni mmoja tu, naye yuko kitandani. Linganisha na yule baba katika Injili ya Marko aliyeomba asaidiwe kutokuamini kwake: alikiri shaka mbele ya Yesu mwenyewe, na mtoto wake akaponywa siku hiyo hiyo.

Ushuhuda ule uliotolewa mapema mno unahitaji maneno ya ziada, kwa sababu huenda ndilo kosa lililo rahisi zaidi kuepukwa. Tungeweza kumwambia, “Ndugu, tumshukuru Mungu kwa karatasi hii, na tusubiri daktari aitafsiri.” Hatukusema kwa sababu sisi nasi tulihitaji muujiza, kanisa lilikuwa limefunga siku 21 na lilitaka kuona faida yake. Baada ya hapo mgonjwa akawa mfungwa wa furaha yetu. Kila alipopongezwa alilazimika ama kusema uongo ama kuuvunja moyo wa watu, na nina hakika kwamba mzigo huo ndio uliomwandaa kumsikiliza mhubiri mgeni. Mtu ambaye amekwisha kutangazwa mzima anatafuta njia yoyote ya kuufanya utangazaji huo uwe kweli, hata kwa kuacha mashine. Watu humlaumu mhubiri yule, na anastahili lawama, lakini sisi tulikuwa tumemlimia shamba.

Kuhusu mama mjane, sioni kama kuna mbinu ya kuiga. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na hadi hapo hawakukosea. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza Ayubu sababu za mateso yake. Niliwahi kumuuliza mama yule alijuaje kwamba Zaburi ya 88 ndiyo inayofaa. Alisema hakujua. Ndiyo aliyokuwa akiisoma mwenyewe tangu mume wake alipofariki. Tofauti ya usomaji wake na wangu ilikuwa hapo: mimi nilileta mistari kutoka mahali ambapo sikuwa nimeumia, yeye alileta ya kwake.

Palikuwa pia na upungufu ambao maamuzi mazuri ya baadaye hayakuuziba. Mke alihudumiwa kama msaidizi wa mgonjwa kwa miezi yote 28. Tulimuuliza habari za mume wake, mara chache sana habari zake mwenyewe, na alipokuwa na hasira kuhusu suala la binti tulimwambia anyenyekee. Sijashawishika kwamba alikosea. Inawezekana kabisa kwamba utayari wa binti ulikuwa mkate uliotolewa chomboni, na baba akaukataa kwa upendo. Inawezekana pia kwamba alikuwa na haki ya kutotaka uhai wake ulipiwe na mtoto. Nimewasikia wachungaji wawili wakilijibu swali hili kwa uhakika, kila mmoja upande wake, na wote wawili walinitia mashaka kwa jinsi walivyojibu upesi.

Kosa kwa watoto lilikuwa zito zaidi. Yule mdogo aliuliza swali la kweli akiwa na miaka 14 na akakemewa kwa jina la imani. Baba alimwomba radhi baadaye, siku ya kikao cha familia, lakini miezi ile ya mwanzo ilikuwa imemfundisha kwamba kanisani ndipo mahali ambapo mtu hasemi anachokiona. Nilimtembelea mwaka huu. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa halali na kwamba sisi wazee tulipaswa kulijibu. Alisikiliza, akaniuliza kama hayo nimeyasema mbele ya kanisa au kwake tu. Nilikuwa sijayasema mbele ya kanisa. Nimeomba nafasi ya kuyasema, na nimemjulisha tarehe, bila kumtaka aje.